Picha Imeharibika Kwenye M: Soma Dalili Kabla Hujailaumu Kamera

Jumamosi moja, katikati ya sendofu hapa Dar es Salaam, kijana anayejifunza kazi kwangu alinijia mbio. "Kaka, kamera imekufa." Nikaichukua, nikatazama kioo: picha nane, zote nyeusi tii, mbili tu ndizo zenye doa la taa kwa mbali. Kamera ilikuwa nzima. Asubuhi ile nilimtuma apige akina mama wakipika pilau uani kwa bi harusi, jua la saa tano, akaweka ISO 100, f/8 na shata 1/500. Sasa ni saa mbili usiku, yumo ukumbini, na namba ni zile zile.

Kwenye Auto kamera huhangaika yenyewe kila unapogeuka. Kwenye M, yaani Manual, ambapo unapanga namba wewe mwenyewe, kamera hutii, na hutii amri ya mwisho hata kama wewe umeshaisahau. Maswali mengi ninayoletewa yanaanza na "lenzi yangu mbovu" na kuishia kwenye namba iliyoachwa tangu jana. Yule kijana siku hizi amebandika kipande cha plasta nyuma ya kamera, kimeandikwa kwa kalamu: ISO? Nilimcheka, lakini tangu hapo picha nyeusi hajaniletea.

Kabla ya dalili, tuelewane maneno. Shata ni pazia mbele ya sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha), na namba yake ni muda linaokaa wazi. Apacha ni tundu la lenzi, na namba yake ndiyo ile ya f. ISO ni kiasi cha kukuza kile kidogo kilichoingia. Zote tatu hupanda na kushuka kwa hatua, na hatua moja ni mara mbili au nusu: 1/125 kwenda 1/250 ni nusu ya mwanga, ISO 400 kwenda 800 ni mara mbili. Apacha ina mlolongo wake, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila namba hupitisha nusu ya mwanga wa iliyotangulia. Namba kubwa ni tundu dogo kwa sababu ni hesabu ya kugawanya. Kwenye lenzi ya milimita 50, f/2 ni tundu la milimita 25 na f/8 ni milimita 6 na kidogo.

"Nazungusha namba lakini mwanga wa picha haubadiliki"

Hili huwachanganya watu kuliko yote, kwa sababu kamera inaonekana kama inakudharau. Umetoa shata 1/60 ukaipeleka 1/500, na picha ina mwanga ule ule. Sababu karibu kila mara ni ISO ya Auto iliyobaki imewashwa. Wewe unapunguza mwanga kwa shata, kamera inaurudisha kwa ISO kimyakimya, mpaka ikifika kikomo chake. Ingia kwenye menyu ya ISO, weka namba kwa mkono wako, kisha jaribu tena. ISO ya Auto si dhambi, mimi mwenyewe huitumia msafara ukitoka kanisani, lakini anayejifunza ataipenda baadaye. Sasa hivi inamficha anachofanya.

Ndugu yake ni swali la "f iko wapi?" Kamera nyingi za kuanzia zina gurudumu moja tu la kuzungusha, na kwenye M gurudumu hilo linashika shata. Ili kupata apacha, shikilia kitufe chenye alama ya +/- (kwenye Canon nyingi za bei ya chini kimeandikwa Av) huku ukizungusha gurudumu hilo hilo. Nimemwona mtu aliyekaa miezi na f/5.6 akidhani lenzi yake haina nyingine.

Kama mahali pa namba ya f pana vistari au 00, au unaona Err 01 kwenye Canon, kamera haiongei na lenzi. Zima, toa lenzi, futa zile sehemu ndogo za rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu laini, rudisha mpaka usikie ka! Lenzi za mtumba ndizo zinazoongoza kwa hili. Ukinunua lenzi ya zamani ya Nikon yenye pete ya apacha, ukaona FEE, zungusha pete hadi namba kubwa kabisa ya mwisho, mara nyingi 22, na uifunge hapo.

Na kitu kidogo cha kuchekesha: kwenye kitundu cha kuchungulia, 4 maana yake ni robo ya sekunde, lakini 4" yenye vialama viwili ni sekunde nne nzima. Ukisikia shata inafunguka, unasubiri, unasubiri, kisha ndiyo inafunga, umeshavuka kwenda upande wa sekunde.

"Zote zimetikisika"

Neno "imetikisika" hufunika magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Usiguse namba yoyote kwanza. Fungua picha kwenye kioo, ikuze mpaka mwisho, na uitembeze kutoka pembe hadi pembe.

Ukiona kila kitu kina mkia, taa, ukuta, watu, na mikia yote inaelekea upande mmoja, hiyo ni mikono yako. Shata ilikaa wazi muda mrefu kuliko uwezo wako wa kutulia. Kipimo cha zamani bado kinafaa: shata isiwe ya polepole kuliko moja juu ya milimita za lenzi. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, ya APS-C, kwa hiyo zidisha milimita kwa 1.5, au 1.6 ukiwa na Canon. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi 55 inataka 1/100 hivi. Kitulizi cha ndani ya lenzi kitakusaidia kushuka chini ya hapo, ila kwa mikono yako tu, si kwa mtu anayecheza.

Ukiona ukuta na viti vimetulia vizuri, ila mtu ndiye ana mkia, basi mikono yako ni salama na mtu ndiye aliyesogea. Hapa tripodi haisaidii chochote. Mtu anayeongea amesimama, 1/125. Anayetembea, 1/250 utalala salama. Wakifungua muziki na mashangazi wakaingia na vigelegele, usishuke chini ya 1/250 bila flashi, na 1/500 ni bora zaidi. Mpira wa mtaani, 1/1000.

Ukiona uso una ukungu lakini kitu kingine kwenye picha kina makali, shada la maua lililo mbele, au pazia la nyuma, basi fokasi imekaa mahali pasipo pake. Hili ni ugonjwa wa wenye lenzi mpya ya 50 mm f/1.8. Wameambiwa f/1.8 inafuta mandhari ya nyuma, wakaganda hapo. Hesabu yake ni hii: kwenye APS-C, ukisimama mita 1.5 kutoka kwa mtu, f/1.8 inakupa kama sentimita 6 tu zenye makali, kutoka mbele hadi nyuma. Sita! Ukishika fokasi kwenye pua, masikio yamekwenda, na bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma ya mkewe hayumo kwenye picha hiyo. Kwa mtu mmoja anza na f/2.8. Wawili wasiolingana mstari, f/4. Ukoo mzima wa mistari mitatu, f/8, na fokasi iwe kwenye mstari wa mbele au wa katikati, kamwe usiiweke kwa babu wa nyuma kabisa. Na uiambie kamera itumie nukta moja ya fokasi unayoichagua mwenyewe, uiweke juu ya jicho. Ukiiachia ichague, mara nyingi itachagua kilicho karibu zaidi, na kilicho karibu zaidi ni chupa ya soda mezani.

Ya nne: hakuna kitu chochote chenye makali na hakuna mikia. Tazama swichi ubavuni mwa lenzi. Ikiwa kwenye MF, fokasi iko mikononi mwako na wewe hukujua. Wanaoanza wengi huchanganya M ya gurudumu la juu na MF ya lenzi. Ni vitu viwili. Unaweza kupiga kwenye M huku fokasi ikijishika yenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa unapoanza. Kama swichi iko kwenye AF, rudi nyuma kidogo; 50 mm nyingi haziwezi kushika kitu kilicho karibu kuliko sentimita 35 hadi 45, na kitufe kitagoma au picha itatoka na utando.

Ukichungulia ukaona hata maandishi ya ndani hayasomeki, lakini picha kwenye kioo ziko safi, kamera haina shida. Kuna kigurudumu kidogo pembeni ya kitundu cha kuchungulia, cha kurekebisha kwa macho yako. Labda mtu mwenye miwani aliiazima.

"Gauni limeungua, uso ni giza"

Kwa sisi tunaopiga watu weusi waliovaa nyeupe, hapa ndipo kazi ilipo.

Ule mstari wenye sifuri katikati ni kipima mwanga. Kina imani moja tu maishani: kwamba kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Kikiona gauni jeupe limejaza fremu, kinadhani mwanga umezidi, kinakwambia upunguze, na gauni linatoka la kijivu huku uso ukizama. Kikiona buibui jeusi limejaza fremu, kinafanya kinyume, buibui linatoka kama limefuliwa mara mia. Kwa hiyo sifuri si alama ya kufaulu. Gauni au kanzu ikijaza fremu, pima hadi +1 au karibu na +2. Buibui au suti nyeusi, shuka -1 au zaidi kidogo.

Lakini kwenye picha moja kuna gauni na kuna uso, na tofauti kati yao ni kubwa. Washa ile tahadhari inayofanya sehemu zilizoungua, yaani zilizozidiwa mwanga hadi kubaki nyeupe tupu, zipepese kwenye kioo. Ongeza mwanga hatua kwa hatua mpaka mikunjo ya gauni ianze kupepesa, kisha rudi theluthi mbili ya hatua. Hapo umelipa gauni kila linachoweza kubeba, na uso umepata nafasi yake yote. Piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, kwa sababu uso uliozama kidogo unaweza kuuinua baadaye bila kuumiza ngozi. Gauni lililoungua halirudi hata ukaliombea.

Kama uso bado ni mzito, tatizo si namba tena. Mwanga unatoka mahali pabaya. Saa sita mchana jua letu liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili. Wasogeze chini ya kibaraza, nyuso zielekee nje kwenye uwazi, au karibu na dirisha. Mtu ashike ubao mweupe wa povu gumu la maboksi ya televisheni, lile jeupe linalokatika vipande, chini kidogo ya kidevu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa kuakisi mwanga mpana wa pembeni. Ukiimwagia flashi ya mbele moja kwa moja unapata paji la uso linalong'aa na mashavu yasiyo na umbo.

Kuna sababu nyingine ya picha zote kuwa giza kwa kiasi kile kile, kila mara. Kwenye Nikon, ukigusa fidia ya mwanga, ile namba ya kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, ukaiacha kwenye -1, ukiwa kwenye M haibadilishi picha bali inasogeza kipima mwanga. Wewe unafuata sifuri kwa uaminifu, na sifuri yenyewe imehamishwa. Irudishe kwenye 0.0.

"Kuna ukanda mweusi, au mistari"

Ukanda mweusi wenye ukingo ulionyooka upande mmoja wa picha, ukitumia flashi: shata imekimbia kuliko flashi. Kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/200, nyingine 1/250. Ukipita hapo pazia halifunguki lote kwa wakati mmoja, na flashi inamulika pazia. Flashi ya ndani ya kamera yenyewe itakuzuia kupita, lakini ukiwa na flashi ya bei rahisi inayowashwa kwa remoti hakuna wa kukuzuia. Shusha hadi 1/160, ukanda utaondoka.

Mistari ya giza na mwanga, au picha moja ya njano na inayofuata ya kawaida, bila flashi: taa za ukumbi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/400 inakata kipande tu cha kumeta huko. Weka 1/100 au 1/50, ili kila picha ipate mizunguko kamili. Kama kamera yako ina shata ya kimyakimya ya kielektroniki, izime ukumbini, inazidisha mistari. Taa za jukwaani za LED zilizopunguzwa nguvu hazifuati hesabu hiyo kila wakati, basi jaribu kasi mbili tatu kabla maharusi hawajaingia.

Najua 1/100 itakuletea mikia ya wachezaji. Hapo ndipo flashi inapoingia, na flashi kwenye M ina siri moja inayookoa: mwanga wake ni wa muda mfupi mno, shata haiupunguzi. Shata inashika mwanga wa ukumbi, apacha na ISO zinashika vyote viwili. Kwa hiyo ukipata watu wenye mwanga mzuri lakini nyuma yao ni giza kama shimo, shusha shata kutoka 1/200 hadi 1/60 na uinue ISO kutoka 200 hadi 1600, ukipunguza nguvu ya flashi. Mapambo yatarudi. Pindua kichwa cha flashi kielekee dari, ila tazama dari kwanza. Kumbi zetu hupenda kufunikwa vitambaa, na flashi iliyodundishwa kwenye zambarau inarudi na nyuso za zambarau. Hilo lilinipata mwenyewe, picha za keki zote, na familia ikaniuliza kama ilikuwa mtindo.

"Ina chenga"

Chenga kama za televisheni ya zamani zinatoka kwenye ISO ya juu, kila mtu anajua. Kisichojulikana sana ni kwamba chenga mbaya zaidi zinatoka kwenye picha iliyopigwa giza kisha ikainuliwa kwenye kompyuta. ISO 3200 yenye mwanga wa kutosha mara nyingi ni safi kuliko ISO 800 iliyovutwa hatua mbili baadaye. Anayeogopa ISO ndiye anayepata chenga, na juu yake anapata mikia, kwa sababu alikataa kupanda ISO akashusha shata.

"Kwenye kioo zilikuwa nzuri"

Kioo cha kamera gizani kinang'aa kama simu kitandani. Kila picha inaonekana ina mwanga. Juani ni kinyume. Weka ung'avu wa kioo katikati, usiuache kwenye Auto, na uzoee ule mchoro wa milima unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika. Mlima uliogandamana ukuta wa kushoto ni picha ya giza, hata macho yako yaseme nini.

"Zilianza vizuri, zikaendelea kuharibika"

Umeanza Forodhani, Zanzibar, saa kumi na mbili, jua linaelekea majini, namba umezipanga vizuri. Robo saa baadaye picha ni nusu giza, na wewe hujagusa kitu. Ndiyo, hujagusa, hilo ndilo kosa. Karibu na ikweta jua likizama, dakika ishirini na kitu baadaye ni usiku, na M haifuati jua. Kagua kipima mwanga kila baada ya dakika mbili tatu, ukianza kuongeza kwa ISO kabla hujaigusa shata.

Au hujaondoka mahali pamoja, umevuta tu lenzi. Lenzi ya 18-55 iliyoandikwa 3.5-5.6 inafunguka f/3.5 ikiwa pana, lakini ukiivuta hadi 55 inajifunga yenyewe hadi f/5.6, na unabaki na kama asilimia 40 tu ya mwanga. Ukipanga f/5.6 tangu mwanzo, unaweza kuvuta na kurudisha bila kitu kubadilika.

Vidoa na ukungu

Doa la kijivu linalokaa mahali pale pale kila picha, hasa angani, ni vumbi kwenye sensa. Linaonekana f/11 na f/16, linapotea f/2.8. Tumia puto la kupulizia hewa, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo. Mate hayatoki kwa puto.

Picha zote zikiwa na utando mweupe mara tu ulipotoka kwenye gari la kiyoyozi, hakuna namba ya kubadilisha. Lenzi ni baridi, hewa ya pwani ina unyevu, na maji yametanda juu ya kioo kama kwenye chupa ya soda. Ukifuta yanarudi baada ya nusu dakika. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika ishirini au thelathini ipate joto polepole, au siku ya kazi mwambie dereva azime kiyoyozi mkikaribia. Na hata ukiona ukungu uko nyuma ya kioo cha mbele, usitoe lenzi kwenye kamera hapo nje ukitaka kuifuta kwa ndani, maana unyevu huo huo utaingia kwenye sensa.